Nani Alilipaka Trekta Rangi Nyekundu?

Hii ni hotuba niliyoitoa Morogoro mbele ya mafundi wa zana za kilimo, wenye matrekta na wanafunzi wa ufundi. Nimeiandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani sikuziweka.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, akina mama wenye mashine zenu, na ninyi vijana mnaosomea ufundi, habari za asubuhi.

Nianze na swali. Ukilikuta trekta limetelekezwa porini, halina nembo, kibati cha namba kimeng'olewa, utalitambuaje? Nasikia mtu pale nyuma anasema kwa injini. Sawa. Mwingine anasema kwa gia. Sawa pia. Lakini kabla hujalisogelea, ukiwa bado hatua hamsini, jicho limeshakupa jibu. Ukiona jekundu unasema Massey. Ukiona la buluu unasema Ford. Ukiona kijani na rimu za njano, hata mtoto wa darasa la pili atakuambia hilo ni John Deere.

Sasa niulize la pili. Rangi hizo zilitoka wapi? Nani alizichagua, na kwa nini?

Ninauliza kwa sababu najua kinachotokea kwenye gereji zetu. Trekta kuukuu likiingia, cha kwanza msasa, cha pili kompresa, na rangi inayopigwa ni ile iliyobaki kwenye kopo. Kufikia jioni linang'aa, mwenye mali anafurahi, na sisi tumeshafuta kitu ambacho hakitarudi. Nimekuja kuwaambia kwamba rangi ya kwanza ya trekta ni ushahidi. Inaeleza limetoka wapi, limetengenezwa lini, kiwanda chake kilikuwa katika hali gani. Fundi asiukwangue ushahidi huo kabla hajausoma.

Turudi nyuma miaka mia moja. Mwanzoni matrekta mengi ya Marekani yalikuwa ya kijivu. Fordson ya Henry Ford, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1917, ilikuwa kijivu na magurudumu mekundu. Farmall ya kampuni ya International Harvester, iliyoingia sokoni mwaka 1924, kijivu. Case, kijivu. Caterpillar, ambayo leo hatuwezi kuifikiria bila njano yake, nayo ilikuwa kijivu.

Kwa nini kijivu? Sababu kubwa ilikuwa kopo la rangi lenyewe. Rangi za mashine za enzi hizo zilichanganywa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Weupe ulitoka kwenye risasi, madini yale yale yanayowekwa ndani ya betri. Weusi ulitoka kwenye masizi. Changanya hivyo viwili, una kijivu: ni rahisi, inashika chuma vizuri, na haionyeshi uchafu upesi. Kijani nacho kilipatikana kwa kuchanganya. Buluu ya Prussia ilikuwa imegunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Njano kali ilikuja baada ya mkemia Mfaransa, Louis-Nicolas Vauquelin, kugundua kromiamu mwaka 1797 ndani ya jiwe jekundu lililotoka Siberia. Ukichanganya buluu ile na njano ile unapata kijani kizito, na kijani hicho kilipigwa kwenye mashine nyingi sana za karne ya 19.

Tatizo la rangi za mafuta ya kitani ni kukauka. Zilikauka polepole mno. Fikirini kiwanda kinachotoa matrekta mamia kwa siku, halafu yote yanasubiri rangi ikauke! Kisha mwaka 1927 mkemia Roy Kienle wa kampuni ya General Electric, Marekani, akaja na aina mpya iitwayo alkidi. Ilikauka upesi zaidi, ilikuwa ngumu, iling'aa. Rangi ya mafuta mnayonunua dukani leo kupigia mageti ni ya ukoo huo huo. Kwa hiyo mtakaposikia hadithi zinazofuata, kumbukeni kwamba tunaingia miaka ya 1930, wakati kiwanda kimeanza kuwa na uwezo wa kuchagua.

Wa kwanza kuchagua kwa kishindo alikuwa Harry Merritt. Huyu alikuwa mkuu wa idara ya matrekta ya kampuni ya Allis-Chalmers, Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Matrekta yao yalikuwa ya kijani. Inasimuliwa kwamba Merritt alikuwa safarini California akaona bonde limejaa maua ya mwituni ya rangi ya chungwa. Yalionekana kwa mbali sana, kilima kizima kinawaka. Akajiuliza: kama ua dogo vile linaonekana kutoka mbali kiasi hiki, je, trekta? Akarudi Milwaukee akatafuta rangi ya kopo iliyokaribia ua lile. Iliitwa Chungwa la Uajemi. Mwaka 1929 Allis-Chalmers ikaacha kijani.

Jamani, hebu tafakarini. Mwaka 1929 ni mwaka ambao soko la hisa la New York lilianguka na wakulima wa Marekani wakaanza miaka yao migumu kabisa. Na mtu huyu anauza chuma cha rangi ya ua. Wapo wanaosema ilikuwa mbinu ya biashara tu. Mimi naona zaidi ya hapo. Merritt alifikiria mkulima anayepita barabarani anavyotazama shamba la jirani. Anaona nini kule mbali, katikati ya vumbi? Kijivu kwenye vumbi hakionekani. Chungwa linaonekana.

Halafu matairi yakaja kulibadilisha jambo hili kuwa la usalama. Kabla ya hapo trekta lilikuwa na magurudumu ya chuma yenye meno, likitembea kwa mwendo wa ng'ombe. Mwaka 1932 Allis-Chalmers wakalifunga trekta lao aina ya U matairi ya upepo kutoka Firestone, matairi ambayo asili yake ilikuwa ya ndege. Mwaka uliofuata, huko Dallas, dereva wa mashindano Barney Oldfield akaliendesha trekta la aina hiyo, lililorekebishwa kwa mwendo kasi, kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Nasikia minong'ono. Ndiyo, trekta, kilomita mia moja!

Mkulima wa kawaida hakwenda mbio hizo. Lakini sasa trekta lilitoka shambani likaingia barabara kuu, pamoja na malori na magari madogo. Jioni, ukungu, vumbi, na mbele yako kuna mashine ya kijivu inayotembea polepole. Nani ataiona? Caterpillar walikuwa wameshajiuliza swali hilo kwa sababu mashine zao zilitengeneza barabara. Desemba 1931 waliacha kijivu wakachukua njano, na wakaiita Njano ya Barabara Kuu. Mwaka 1936 International Harvester wakaipaka Farmall nyekundu. Minneapolis-Moline wakachukua rangi ya dhahabu ya ngano iliyoiva. Case wakaingia kwenye wekundu mwaka 1939. Ndani ya miaka kumi tu tangu Merritt aone maua yake, mashamba ya Marekani yalikuwa yamebadilika sura.

Hapo ndipo rangi ilipogeuka kuwa ukoo. Baba akinunua jekundu, mtoto naye ananunua jekundu.

Sasa twende Uingereza, maana huko ndiko yalikotoka matrekta mengi yaliyolima ardhi yetu.

Fordson ilihamishwa kutoka Marekani, ikatengenezwa Cork, Ireland, halafu kuanzia mwaka 1933 Dagenham, pembezoni mwa London. Huko ilivaa buluu. Mwaka 1937 wakaibadilisha kuwa ya chungwa, kali, inayoonekana vizuri shambani. Miaka miwili baadaye vita ikaanza. Uingereza ilikuwa ikitegemea chakula kutoka nje, meli zinazamishwa baharini, serikali ikaamuru malisho yageuzwe mashamba. Matrekta yalihitajika kuliko wakati wowote. Na Dagenham iko wapi? Iko kando ya mto Thames, njia ile ile ya ndege za Ujerumani zilizokuja kupiga mabomu London. Yametengenezwa, yamepangwa uwanjani safu kwa safu yakisubiri kusafirishwa, mamia ya matrekta ya chungwa. Rubani angehitaji ramani ya nini? Mwaka 1940 Fordson ikapakwa kijani, ikafichwa kwenye majani.

Kwa hiyo ukimkuta mzee wa Kiingereza ana Fordson ya chungwa na jirani yake ana ya kijani, chuma ni kile kile, injini ni ile ile. Kilichoko kati ya rangi hizo mbili ni vita. Ilipokwisha, Fordson Major ya mwaka 1945 ikarudi kwenye buluu, na rimu zake wakazipaka chungwa.

Nisimame hapa kidogo kwenye rimu, maana jambo hili limenikuta mwenyewe. Mzee mmoja alileta trekta lake tulifufue. Boneti ilikuwa imepigwa kijani cha geti, rimu zimepigwa rangi ya fedha. Karatasi zake zilisema mwaka 1966. Nikamwambia kijana wangu aweke msasa pembeni kwanza. Tukachukua wembe na kitambaa chenye thina, tukafungua boliti moja ya tairi la nyuma, tukasafisha sehemu ndogo iliyokuwa imefunikwa na washa yake, ndogo kama sarafu. Fedha ikatoka. Chini yake buluu, imepigwa ovyo kwa brashi, nyuzi za brashi zimo bado. Chini ya buluu, chungwa! Safi, laini, ya kiwandani, imejificha pale miaka yote hiyo. Fordson ziliacha rimu za chungwa mwaka 1963, zikachukua kijivu. Rimu huhamishwa kutoka trekta moja kwenda jingine, nalijua hilo, kwa hiyo hatukuishia hapo. Tuliangalia namba zilizochongwa kwenye injini, nazo zikakubaliana na rimu. Karatasi ndizo zilizokuwa zimekosea. Mzee alikuwa na trekta kongwe kuliko alivyofikiri, na hata vipuri alivyokuwa akiagiza havikuwa vyake. Rangi ya upana wa sarafu ilituonyesha pa kuanzia.

Sasa nifike kwenye swali lililo juu ya hotuba hii. Nani alilipaka Massey Ferguson nyekundu? Mnaijua MF 35. Mnaijua 135. Wengi wenu mmejifunza kuendesha juu ya kiti chake cha bati. Boneti na mbawa nyekundu, injini na chasi kijivu. Mmewahi kujiuliza kwa nini haikupakwa rangi moja? Ni kwa sababu pale kuna ndoa.

Harry Ferguson alikuwa mtoto wa mkulima kutoka County Down, kaskazini mwa Ireland. Mwaka 1909 alitengeneza ndege yake mwenyewe akairusha, wa kwanza kuruka katika kisiwa chao. Kisha akageukia kilimo. Alichokifanya kinajulikana kwa kila mtu humu ndani: mikono mitatu nyuma ya trekta, na haidroliki ya kunyanyua jembe. Kila jembe mnalofunga leo, liwe la Kihindi, la Kichina au la Kituruki, linafungwa kwa mfumo wake. Trekta lake la majaribio la mwaka 1933 lilikuwa jeusi kutoka pua hadi mkia. Bado lipo, limehifadhiwa kwenye Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London. Yaliyofuata yakawa kijivu. Mwaka 1938 alishikana mkono na Henry Ford, bila mkataba wa maandishi, na mwaka 1939 likatoka trekta lao la pamoja Marekani: kijivu. Mwaka 1946 akaanza kutengeneza TE20 Coventry, Uingereza: kijivu. Hadi mwaka 1956 yalishatoka zaidi ya nusu milioni, yote kijivu, na Waingereza wakayapenda wakayaita Fergie ndogo ya kijivu.

Ule mkono walioshikana ulivunjika baada ya wajukuu wa Ford kushika kampuni. Ford wakatoa trekta lao wenyewe mwaka 1947, aina ya 8N, lenye mfumo uleule wa haidroliki. Na rangi? Boneti kijivu cha kung'aa, tumbo jekundu. Mkulima akiliona anajua papo hapo kwamba hili ni la Ford peke yake. Ferguson akaenda mahakamani, na mwaka 1952 Ford wakamlipa dola milioni 9.25.

Mwaka 1953 Ferguson akaungana na Massey-Harris ya Kanada. Hawa wana historia ndefu, na matrekta yao yalikuwa mekundu yenye rimu za njano. Sasa angalieni tatizo. Kampuni moja, lakini kuna mawakala wa wekundu na mawakala wa kijivu, kila mmoja anajivunia rangi yake na anamcheka mwenzake. Trekta jipya la 35 likatoka Uingereza mwaka 1956 likiwa kijivu kwa juu na rangi ya shaba kwa chini. Mawakala wa wekundu wangeuza nini? Mwishoni mwa mwaka 1957 wakakata shauri. Bati likapakwa wekundu wa Massey. Chuma cha chini kikaacha shaba, kikapewa kijivu cha Ferguson. Jina nalo likafupishwa likawa Massey Ferguson.

Mafundi wenzangu, kila mnapopulizia 135 nyekundu mwili mzima, injini, gia, rimu na kila kitu, mnamfuta Ferguson. Nasema hivi kwa uchungu, maana nimeyaona mengi, yamependeza kwa mbali, na ndani ya wekundu ule yule mzee wa County Down hayupo tena. Kijivu kile kibakizeni.

Rangi ilipofika hapo ikawa mali, na mali huleta kesi. John Deere walinunua kampuni ya Waterloo, Iowa, mwaka 1918, na trekta lao la mwaka 1923, aina ya D, likatoka kijani na magurudumu ya njano. Hawajaiacha rangi hiyo hadi leo. Waliponunua kampuni kongwe ya Lanz ya Mannheim, Ujerumani, mwaka 1956, matrekta yake aina ya Bulldog, ya buluu ya kijivu yenye magurudumu mekundu, yakageuzwa kijani na njano muda si mrefu. Lakini je, unaweza kumzuia mwingine asipake kijani? Mwaka 1982 mahakama ya shirikisho huko Iowa ililisikiliza shauri la Deere dhidi ya Farmhand, watengenezaji wa vijiko vya kufunga mbele ya trekta, waliokuwa wakipaka vijiko vyao kijani. Deere wakashindwa. Mahakama iliona kwamba mkulima anapenda kijiko kifanane na trekta lake, na mshindani hawezi kunyimwa kitu ambacho mnunuzi anakitaka. Miaka 35 ikapita. Mwaka 2017, huko Kentucky, Deere wakawashtaki watengenezaji wa mashine za kupulizia dawa, FIMCO, kwa kijani na njano. Safari hii wakashinda.

Na kuna rangi iliyokusudiwa isidumu. Mwaka 1950 International Harvester walitoa Farmall ndogo, Cub, Super A na C, zikiwa nyeupe kabisa. Zilikuwa za maonyesho, wakala aziweke mbele ya duka watu wasimame kushangaa. Baada ya maonyesho nyingi zilirudishiwa wekundu ziuzwe kama nyingine. Leo huko Marekani wapenzi wa matrekta wanakwangua kidogo kidogo chini ya tangi na nyuma ya dashibodi wakitafuta weupe chini ya wekundu. Akiupata, mtu mzima analia.

Ninyi mnaoshika msasa, sasa nawaomba kwa kazi. Kabla ya kukwangua, tafuteni mahali ambapo jua na brashi havikufika. Chini ya kibati cha namba. Chini ya washa. Nyuma ya tangi la mafuta, palipogusana na mkanda wake. Ndani ya kisanduku cha spana. Msiamini rangi ya juu ya boneti, kwa sababu jua letu linaipausha. Nyekundu ya zamani inakuwa kama waridi la unga, ukiipigia mfano utapata rangi ambayo kiwanda hakikuitoa kamwe. Ipakeni nta kidogo ile sehemu safi, irudi kwenye ung'avu wake, kisha pigeni picha mchana, kivulini, na kipande cha karatasi nyeupe kando yake ili aliyeko dukani aone rangi haijapotoshwa na simu.

La pili ni zito zaidi, tafadhali nisikilizeni. Zile njano, chungwa na kijani za zamani nyingi zina risasi na kromiamu. Marekani walipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978. Matrekta haya ni ya kabla ya hapo. Vumbi lake likiingia mwilini halitoki upesi, na kwa mtoto linaharibu ubongo. Kwa hiyo msikwangue kavu. Loweka, tumia msasa wa maji, funga barakoa ya kichujio, siyo kitambaa cha kufunga usoni. Msichome rangi kwa moto wa gesi. Maji machafu yasimwagwe kwenye mchicha. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto, na watoto wasicheze gereji siku hiyo. Nimeona mafundi wakipuliza vumbi la kijani kwa kompresa huku mtoto amekaa juu ya tairi anakula muhogo. Hilo likome.

Swali moja nililetewa kwa karatasi nilijibu kabla hatujatoka. Mtu anauliza: kama rangi ya kwanza siipati dukani, nifanye nini? Mchanganyaji mzuri wa rangi za magari anaweza kuisoma sampuli yako na kukupa iliyo karibu sana. Ikishindikana, linda kipande kimoja cha rangi ya asili, kizungushie utepe wa karatasi, kisipulizwe. Andika kwenye daftari la trekta kipo wapi. Atakayelifungua baada yako akute pa kuanzia.

Hapo nje kuna MF 35 tuliyoazimwa, imepigwa nyekundu mwili mzima. Chukueni wembe, thina na barakoa. Tutaanzia chini ya kisanduku cha betri. Vijana watangulie.